Ubao wa Seni na Miwani ya Bibi Ngolo

Haya hamtayaamini, na wala sitawalaumu, kwa sababu hata mimi niliyesoma mpaka darasa la nne, tena darasa la nne la enzi zile, si hili lenu la kuchezea, niliposikia nilicheka kwanza. Mwaka 1974 pale Ubaruku alikuwepo kijana wa Kisukuma, Seni mwana wa Maganga, mpwa wangu wa damu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Si kulima, si kuchunga. Kuandika! Kijiji kilimlipa ajaze ubao uliosimama nje ya mashine ya kukobolea mpunga, kila Jumatatu karatasi mpya, na jioni afundishe kisomo cha watu wazima.

Aliandika alivyoamka, uji ulivyomuungulia, kisha anaingia kwenye habari za mitambo. Redio, aliandika, ni mgeni mzuri kwa sababu anapiga soga kutwa na hali ugali wako. Reli ya Wachina itafanya Mbeya na Dar es Salaam zisikilizane kama jikoni na barazani. Akina mama waliosubiri mpunga wao alikuwa akiwasomea kwa sauti, nao wakiguna kwa raha, na yeye kifua kinamjaa. Taipureta yake ilitoka Iringa ikiwa kuukuu, haina herufi N. Kila N aliijazia kwa peni ya bluu.

Mwanafunzi wake aliyewahi kuliko wote alikuwa Bibi Ngolo, mama yake Budeba mfuga ng'ombe. Shida yake macho.

"Mwalimu, herufi zako zinatembea kama siafu," alilalamika.

"Siku utakayosoma jina lako, bibi, nitalibandika ubaoni watu wote walione."

Wiki ile ile Seni aliandika kwamba miwani ni mashine ya macho, na anayeona haya kuivaa basi aone haya kupanda baiskeli pia. Bibi Ngolo alisomewa makala hiyo. Baada ya hapo hakuonekana darasani wiki mbili.

Jumapili moja Seni akapita kwa Budeba na baiskeli. Uani akamwona Budeba upara, mkewe upara, watoto watano wote upara. Wasukuma wakishazika hunyoa. Moyo ukamlipuka: bibi! Mtu mzima hapo angeshuka, angesalimia, angeulizia wa nyumbani mmoja mmoja. Lakini kichwani mwake kulikuwa na makala ya reli haijaisha, na ukiingia msibani hutoki mapema. Akainua mkono, akakanyaga pedali.

Kufika kwake akapiga: TANZIA. Bibi Ngolo, mama wa Budeba, ametutoka. Akajazia zile N taratibu, kwa heshima zote.

Jumatatu aliwasomea akina mama, wakaacha mpunga wakaondoka na vilio kwenda kwa Budeba. Seni akabaki peke yake chini ya ubao. Hapo ndipo gari la kutoka Uyole liliposimama, akashuka Bibi Ngolo, puani miwani mipya inang'aa. Kumbe wiki mbili zote alikuwa kwa binti yake Regina, akiingojea hiyo miwani.

"Mwangaluka, mwalimu!"

Seni akarudi hatua mbili nyuma.

"Hunisalimii, ng'wanawane? Ngoja basi uone." Akausogelea ubao, akaweka kidole. "N... go... lo. Ngolo! Ni mimi huyu!" Akapiga kigelegele mpaka mwendesha mashine akachungulia. "Umeitimiza ahadi, mwanangu! Na hili la juu? Ta... n... zi... a. Tanzia ndiyo nini? Ndiyo pongezi?"

Angeweza kusema ndiyo. Angebandua karatasi, akachekacheka, yakaisha. Seni alitazama katambuga zake, jasho likimtiririka mgongoni na kibaridi cha asubuhi bado kipo.

"Ni tangazo la mtu aliyekufa, bibi."

"Nani kafa?"

"Nimekuandika wewe."

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Uliniona nikifa?"

"Hapana. Niliona vichwa vimenyolewa."

"Ukamuuliza Budeba?"

"Hapana."

"Ulisimama?"

"Sikusimama, bibi."

Wakati huo Budeba alikuwa anakuja na waombolezaji nyuma yake, kwapani kambana kuku wa rambirambi aliyeletewa. "Chawa, Seni!" alipiga kelele. "Chawa wameingia nyumbani! Ungeshuka kwenye hiyo baiskeli ningekunyoa na wewe!"

Watu wakacheka hadi kushikana mabega. Bibi peke yake hakucheka, na hicho ndicho kilichomchoma Seni. Kuisingizia taipureta asingeweza: N ya Ngolo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Akanyoosha mkono abandue.

"Acha hapo hapo," bibi alisema. "Nipe peni."

Akainama, akaandika chini ya tanzia kwa muda mrefu, herufi moja inaegemea nyingine: NGOLO NIPO.

"N yangu hiyo," alisema, akimrudishia peni. "Nimeiandika huku naiangalia."

Karatasi ile ilikaa ubaoni mwezi mzima, na kila Jumatatu Seni alibandika mpya pembeni yake bila kuinua macho. Na hao waombolezaji sasa! Nyie, walikuwa mia tatu, wengine wametoka Makongolosi wameacha dhahabu shimoni, na ng'ombe saba wa rambirambi, wa saba ana pembe ndefu kama—

"Mjomba," Seni akasema, kumbe amesimama nyuma ya kiti changu anasoma ninayoandika, "walikuwa kumi na mmoja na huyo kuku. Nawajua idadi yao. Nilikwenda kumwomba radhi kila mmoja nyumbani kwake, na kila mlango nilishuka kwenye baiskeli."