Dakika Moja ya Kimya

Kati ya wale wawili waliokuja kurekodi filamu mtaani, Mama Zambila alimpenda yule dada wa maikrofoni kuliko mwenzake wa kamera, kwa sababu hakuwa na papara. Kila nyumba aliyoingia katika mtaa ule wa Waroma, jamii ya Ulaya inayobaguliwa, alivua viatu, akanywa kahawa mpaka machicha, kisha akanyanyua kidole kuomba dakika moja ya kimya, anase sauti ya mahali penyewe. Siku afisa wa manispaa alipokuja na karatasi ya amri ya kubomoa mtaa, akatamka mbele ya kamera, "Hapa hapaishi mtu," dada hakubishana. Akanyanyua kidole kilekile. "Asante, bwana. Sasa tunyamaze dakika moja." Afisa akanyamaza, mtaa haukunyamaza. Nyundo ya mfua shaba iligonga, mtoto akalia, sufuria ya Zambila ikatokota. Dada akavua hedifoni zake, akamvisha afisa taratibu. "Haya, bwana mkubwa," akasema Mama Zambila, "na hao je, ni panya?"