Msemaji wa Ruracio na Mshipa Uliorudi Kuziba

Githae wa Mwihoko ni mtu wa kubishana, na ubishi wenyewe umempa heshima. Siku za kazi anauza mbao Ruiru. Jumamosi, familia zinazopeleka ruracio, yaani mahari ya Wakikuyu, humchukua awe msemaji wao, maana akishakaa mbele ya wazee wa upande wa msichana, mahari huanza juu, ikashuka polepole, na mwishowe hakuna anayekumbuka ni nani aliyeishusha. Humjia watu wa Juja, humjia watu wa Thika. Mke wake Warigia, anayeuza viatu vya mitumba soko la Githurai 45, amesikia sifa hizo mpaka masikio yamechoka. Wanaomsifu hawaishi naye.

Maana hata ugonjwa wake aliukalisha kitako kama mahari, akaanza kuupunguza.

Mwaka uliopita mshipa wake mmoja wa moyo uliziba, na katika hospitali moja ya Thika akawekewa kibomba kidogo cha wavu wa chuma cha kuushikilia wazi. Yeye anakiita springi. Daktari wa wakati huo akamwambia bila kuzunguka: sukari aliyougua miaka mingi ishuke na ibaki chini, vidonge asiruke, soda na nyama ya mafuta aviage, miguu itembee. Githae akatikisa kichwa kwa adabu, vile anavyowatikisia wazee wa upande wa pili. Wakiwa njiani kurudi akamweleza mkewe kwamba daktari ni mtu kama wengine, lazima aanze juu ili mkutane katikati.

Basi akaenda kukutana naye katikati, peke yake, daktari mwenyewe hana habari. Vidonge vya moyo alimeza. Vya sukari akavifanya vya zamu, leo anakunywa, kesho vinapumzika. Soda aliacha, kisha akaihamishia sukari yake kwenye chai. Ugali wa wimbi alikubali, mradi uwe mlima. Na kwenye ruracio, alisema, msemaji hawezi kusukuma sahani aliyowekewa, hiyo ni kuwatukana wenye boma. Warigia aliongea jikoni. Aliongea wakitoka kanisani. Aliwaita mashemeji waje waongee na ndugu yao, nao wakaja, wakala, wakashiba, wakamwambia Warigia amwache mwanamume apumue.

Kupumua ndiko kulikokuja kuwa shida.

Githae, mtu wa kupita watu barabarani kama anafukuzwa, alianza ghafla kusalimia. Kutoka lami hadi kwenye geti lao anasimama kwa mama wa mahindi, anasimama kwa fundi wa viatu, anaulizia watoto, anaulizia mpaka kuku. Majirani wakasema uzee umemlainisha. Warigia hakuamini ulaini huo. Jioni moja akamfuata kwa nyuma na gunia lake la viatu mgongoni, akamwangalia vizuri. Mtu huyu hakuwa anasalimia, alikuwa anapumzika. Kila aliposimama mkono mmoja ulishika ukuta, na shingo ilikuwa imelowa jasho ilhali kulikuwa na baridi.

Alimwuliza kama kifua kinauma. Akasema hakiumi, na cha kuudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu, mtu anaweza asisikie uchungu wowote, akaishiwa na pumzi tu. Warigia akasema kesho ni Thika. Githae akasema wiki ijayo. Kesho yake Warigia hakwenda sokoni. Alikwenda Ruiru, akakaa kwenye mlango wa yadi ya mbao, na kila mteja aliyeuliza kuna nini akaelezwa yote, kuanzia chai hadi ugali. Kabla ya saa sita Githae alikuwa amefunga yadi na kuvaa koti.

Huko Thika walikutana na daktari mwingine, mwanamke mdogo aitwaye Wavinya, mwenye sauti ya chini. Alimlaza Githae wodini, akapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, akaangalia kwenye skrini. Kisha akawaita wote wawili. Alisema ndani ya ile springi nyama imeota upya, kama kovu linavyonenepa, na njia ya damu imebaki kama uzi.

Warigia akajiweka sawa kwenye kiti. Saa yake ilikuwa imefika.

"Mwambie imeletwa na nini, daktari. Mwambie aisikie kwa mtu aliyesoma."

"Mama, hii huwapata hata wanaofuata kila kitu," daktari alisema. "Wenye sukari mishipa yao huota hivi haraka. Mzee amejiongezea hatari, hilo ni kweli. Lakini siwezi kusema ni yeye aliyeuziba."

Githae akamgeukia mkewe polepole, na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Warigia alitamani kumpiga na mkoba. Mwaka mzima alikuwa amelea hasira juu ya mumewe, na sasa msichana huyu amemnyang'anya kwa sauti ya upole.

Daktari akaendelea. Wataingiza baluni iliyopakwa dawa, waipanulie mle mle ndani ya springi, na dawa ibaki kwenye ukuta wa mshipa ili nyama isirudi upesi. Kwa kuwa ni mshipa mmoja, na ndiyo mara ya kwanza kurudi, hiyo ndiyo njia ya kujaribu. Ukiziba tena, wataongea juu ya kufungua kifua. Alitaka wafanye kesho asubuhi. Warigia akauliza itakuwaje ukiziba kabisa kabla ya hapo, na daktari akajibu kwamba wengine hawafiki hospitalini.

Githae akakohoa. Warigia alikijua kikohozi hicho, ni cha kufungua ruracio. Akaanza kwa shukrani, akamsifu daktari, akawasifu waliomzaa. Kisha akaingiza neno la kijana wa Karanja huko Juja, ambaye siku yake ya ruracio ni Jumamosi na wazee wameshaitwa. Je, hakuna kidonge kikali kinachoweza kushika zamu ya baluni? Daktari akasema hakuna. Akauliza, kama mgonjwa anajisikia vizuri, siku chache zina ubaya gani? Daktari akasema ubaya ni mkubwa, lakini hawezi kumshika mtu kwa nguvu. Warigia akaona kwa macho yake daktari, binti wa watu, anashushwa ngazi moja moja.

"Baba Ciku," akamwambia mumewe, "kwenye ruracio, kijana anayeoa huwa anaongea?"

"Haongei."

"Hata kama anajua kuongea?"

"Anasemewa. Wewe unajua hivyo."

"Basi leo kijana ni wewe. Nyamaza, nakusemea."

Kwa sheria hiyo hiyo Githae alikuwa amewanyamazisha vijana wenye digrii mbili. Daktari akainamisha uso kuficha tabasamu.

Hapo ndipo Warigia alipoogopa. Siku zote alijua la kusema, ni kinyume cha alichosema mumewe. Sasa neno lilikuwa lake peke yake, na mtu akifia kwenye kitanda cha hospitali, neno litabaki kuwa lake. Akauliza kama kazi hiyo ya baluni inaweza kuharibika. Daktari akasema inaweza, mara chache, na kungoja ni kubaya zaidi.

"Kesho asubuhi," Warigia akasema. "Na vidonge vyote. Na sindano ya sukari kama inahitajika. Hatuna neno lingine."

"Umekubali yote?" Githae aliuliza taratibu, kama aliyeona mtoto akifungulia ng'ombe wa watu. "Hukuomba wapunguze hata kitu kimoja?"

"Wewe ni kijana. Tulia."

Walifanya kesho yake asubuhi, Githae akiwa macho, na muuguzi alisema hakuacha kuongea. Daktari Wavinya akatoka akasema mshipa umefunguka vizuri, ila hatoi ahadi, watauangalia tena. Warigia alimkuta mumewe amelala chali, mkono umefungwa, midomo imerudiwa na rangi. Akamwambia amempigia Karanja, na Karanja amepata msemaji mwingine, mzee mmoja wa Thika.

"Yule? Si yule husinzia watu wakiongea, mpaka siku moja wakamwamsha wakamwuliza kama amekubali, akasema amekubali?"

Githae aliyasema yote kwa pumzi moja. Warigia alikuwa amebeba maneno tangu alfajiri, mengine makali sana, akayaacha. Akasimama tu pale akishika mkoba.

"Kaa chini," Githae akasema, "unaniziba mwanga."

"Nakaa kwa sababu miguu inauma. Si kwa sababu umesema."

Akasogeza blanketi, akakaa.