Nimefuta shingo ya mama mara tatu

Leo nimefuta shingo ya mama mara tatu.

Najifunza kuchora watu, darasa la Jumamosi hapa Mbinga. Kazi ya wiki hii: chora mtu wa nyumbani, pima kwa penseli, usibuni.

Nikamketisha mama kwenye kigoda. Nikamwomba avue ule mtandio anaojifunga shingoni kwa ajili ya baridi.

Upande wa kushoto ukatoka mnene. Nikafuta, nikapima tena. Mnene vilevile. Nikajisemea, kuchora siwezi.

Nilipotaka kufuta mara ya nne, mama akanishika mkono.

“Usifute, mwanangu. Hujakosea. Huo uvimbe ninao tangu tunachuma kahawa.”

Kumbe mtandio haukuwa wa baridi.

Jamani, tunaishi nyumba moja. Imebidi nipewe kazi ya darasani ndiyo nimtazame mama yangu.