Mkono wa Ishirini Dirishani

Ninalokueleza lilinipata mimi mwenyewe, jioni ya mkesha wa Krismasi, hapa Boito, nikiwa macho na bila homa. Kazi yangu ni kupima majani mabichi ya chai katika kituo cha kununulia. Anayesoma mizani mbele ya wenye chai kila siku hujifunza kutoongeza wala kupunguza, kwa hiyo nisikilize hivyo.

Nina mpwa wangu Nairobi. Ananiambia kwenye mitaa yao siku hizi kuna Halloween: watoto huvaa kama mizimu na kwenda mlango kwa mlango wakiomba peremende, na wazazi wanalia jinsi bei ilivyopanda. Mimi humjibu kwamba kwetu hakuna anayejivika mzimu. Wetu ulikuja wenyewe, na ulikuja kwa sababu ya bei hiyohiyo.

Desturi yetu ilianzishwa na Dani Peres. Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, kuchuma chai, akazeeka hapa kwetu Wakipsigis katika nyumba ya kupanga ya baba yangu. Hakujaliwa mtoto. Kila mkesha wa Krismasi watoto waliimba nje, kisha wakaingiza mikono kwenye dirisha lake dogo la mbao, naye akatia peremende tatu katika kila mkono. Niliwahi kumuuliza kwa nini dirishani na mlango upo.

"Mlangoni nitaona uso, nianze kujiuliza huyu ni mtoto wa nani," alisema. "Dirishani naona mkono tu. Na mikono yote ni michafu sawasawa."

Alipougua nilimuuguza. Aliniomba jambo moja, nisiwafungie watoto dirisha. Nikaahidi. Alipofariki tukamsindikiza kwao ziwani, akazikwa huko, nami nikahamia katika nyumba ile.

Miaka mitatu nilitimiza ahadi. Kisha pakiti niliyozoea kununua kwa shilingi mia ikafika karibu mia mbili, na ndani peremende zikawa chache. Watoto nao waliongezeka, maana habari ya dirisha ilikuwa imevuka hadi ng'ambo ya mto. Hapo nikafanya kosa ambalo ni karani wa chai tu angelifanya. Kituoni kila mkulima ana namba, na asiye na namba hapimiwi. Basi nikaorodhesha watoto wa kijiji chetu, kumi na tisa, nikawagawia namba kwenye vikaratasi. Peremende moja kwa kila namba. Wengine warudi kwao. Pakiti mbili nikaziweka kando kwa wageni wangu wa Krismasi.

Jioni hiyo ukungu ulishuka mapema kutoka upande wa msitu. Niliwasha taa ya sola, nikafungua dirisha, nikaanza kuita. Katikati ukaingia mkono usio na karatasi.

"Namba yako?"

"Sina, madam." Niliitambua sauti ya Chebet, msichana wa miaka minane hivi kutoka ng'ambo. Nilipochungulia, alikuwa amembeba ndugu yake mgongoni njia yote ile.

"Na huyo mtoto?"

"Hata yeye hana. Lakini amejua kuimba."

"Mwaka ujao nitawaandika."

Mkono ukatoka. Niamini, sikujisikia vibaya. Niliona nimefanya kazi kwa utaratibu.

Namba kumi na tisa alipochukua yake, nikashika mbao ya dirisha kuifunga. Mkono mwingine ukaingia.

Huu ulikuwa wa mtu mzima. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa chai, ngozi imepasukapasuka, na kidole cha mwisho kimepinda kuelekea ndani. Kidole hicho nilikiosha kila asubuhi kwa miezi minne. Ningekikosea vipi?

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kazi yangu. Niliuliza, "Namba?"

Mkono ulikaa wazi, ukingoja. Nikatia peremende moja. Haukufumba. Nikatia ya pili, kisha ya tatu, ndipo ukafumba na kutoka. Ukarudi mtupu. Nikatia tatu tena. Ulikuwa baridi kama jani lenye umande, na hofu niliyoitarajia haikuja. Niliona aibu tu, aibu ya mtoto aliyefumaniwa na nyanya yake. Nilifungua hata zile pakiti za wageni. Zilipokwisha, mkono ulishika vidole vyangu, ukavibana mara mbili kama Dani alivyovibana usiku wake wa mwisho, ukaenda zake.

Nilitoka nje mbio. Hapakuwa na mtu mzima yeyote. Chebet alikuwa ameketi kwenye ngazi, sketi imejaa peremende, akiwagawia wenzake wa ng'ambo.

"Nani amewapa?"

"Ni kogo."

"Kogo gani?"

Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kwangu. "Si huyo nyanya alikuwa hapa kwa dirisha. Amesema uko na roho mzuri, ni vile tu unapenda kuandika. Amesema tukuimbie."

Wakaniimbia, mimi nikiwa nimesimama pale kwenye ukungu, machozi yakinitoka.

Tangu jioni ile ncha za vidole vyangu ni nyeusi. Mimi nashika kalamu, sichumi chai, lakini doa halitoki kwa sabuni, kwa ndimu wala kwa jivu. Wakulima hunitania: "Madam, siku hizi umeanza kuchuma?" Nacheka nao. Bei haijashuka. Kila Novemba huweka ndoo kando ya mizani, na kila mtu hutia alichonacho, huyu sarafu, yule njugu. Watoto hupata peremende moja na njugu za kujaa kiganja. Vikaratasi vya namba nilivichoma.

Kwa hiyo nawe unayewagawia watoto chochote, bei ikikushinda, punguza na uwaambie ukweli. Watakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini usimuulize mtoto namba. Na mikono ikiisha, usifunge dirisha haraka. Ngoja kidogo. Anayetoka mbali huchelewa.