Masafa na Makoti ya Watu

"Umeshaniulia mwanangu mara mia, na bado una mdomo wa kuniuliza chai iko wapi!"

Huyo ni dobi, pasi ya moto mkononi. Anayefokewa ni mdogo wake wa tumbo moja, mtaalamu wa vita vya kielektroniki. Ndiyo, mtaalamu. Televisheni imesema, mimi nani nibishe? Kibanda changu cha kushona viatu kimeegemea ukuta wa dobi, na ukuta wenyewe ni bati, kwa hiyo nikisema nilisikia, jua nilisikia.

"Dada, punguza sauti," mtaalamu akasema. "Watu wanapita."

"Wapite! Wewe umeitangazia nchi nzima mwanangu alipo, leo mimi ndiye nipunguze sauti?"

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana huyu bwana ukimkuta katikati ya habari unaweza ukadhani ni mtu wa maana.

Hapa mtaani tunamwita Masafa. Jeshini alikuwa kikosi cha mawasiliano, na hilo ni kweli, siwezi kumnyima. Ila kikosi cha mawasiliano kina watu wa kila aina. Kuna wanaosikiliza redio za adui. Kuna wanaozivuruga ili adui aongee na asisikiwe. Kuna wanaofuata mawimbi mpaka wajue adui amejificha kichaka gani. Halafu kuna wa kuchaji betri. Masafa alikuwa wa kuchaji betri. Alikaa na jenereta mpaka wakafanana: ukishamwasha, kumzima ni kazi.

Katika utumishi wake wote, siku moja tu alivuruga mawasiliano kweli. Walikuwa mazoezini porini, yeye kajipumzisha ndani ya lori, kakalia kipaza sauti cha redio, kitufe cha kuongelea kimebanwa na makalio yake. Redio zile, mmoja akishikilia kitufe, wengine wote ni mabubu. Asubuhi nzima kikosi hakikuweza kuambiana hata "rudini". Walichosikia ni Masafa akimweleza dereva kitambi cha kamanda kinavyotangulia gwaride. Ikabidi wachukue mitambo ya kutafutia adui, wafuate mawimbi hatua kwa hatua, na wakamkuta anamenya chungwa. Dereva mwenyewe ndiye aliyenihadithia, viatu vyake navishona mimi mpaka leo. Hivyo ndivyo vita pekee vya kielektroniki Masafa alivyowahi kupigana, na aliwapiga wenzake.

Kisa hicho anakisimulia kwenye televisheni. Ila kule aliyefuata mawimbi ni yeye, na aliyekalia redio ni adui. Chungwa kalibakiza, nadhani kwa ajili ya utamu.

Alifikaje huko? Mapigano yalipoanza mpakani, na watu wakaanza kusikia habari za droni, ndege zinazojirusha bila rubani, televisheni ikataka mtu wa kuyaeleza hayo mambo. Wanaojua hawakuruhusiwa kusema. Walioruhusiwa kusema hawakujua. Masafa alikuwa hajui, na hakuna mtu aliyekumbuka kumkataza. Wakamtumia gari.

Ungewaona walivyopangwa pale kwenye viti. Mtangazaji na meno yake yote. Mhadhiri mmoja aliyeandika vitabu vinene juu ya redio, ambaye ukimpa tochi atakuuliza inafunguliwa wapi. Na Masafa wetu.

"Katika muktadha mpana wa matumizi ya wigo wa sumakuumeme," mhadhiri anaanza, na mtangazaji macho yanamlegea, anageuka upande wa pili: "Kwa lugha nyepesi, afande?"

Masafa, ambaye hajawahi kuitwa afande na mtu yeyote aliyevaa sare, anajikohoza. "Kwa lugha nyepesi, hewa ni uwanja. Aliyeitawala hewa, kavitawala vita."

"Ni hoja nzito," anasema mhadhiri.

Hapo kipindi kinakwisha. Sisi tuliokaa kutazama tumejua nini? Kwamba hewa ipo.

Lakini nisimwonee. Kuna jambo moja alilolishika huko jeshini, likawa la kweli, na akalisema kila wiki. Adui wa siku hizi hana haja ya kukuona. Ukiongea kwa redio au kwa simu, umejiwashia taa kichwani. Mwenye mitambo atajua umekaa wapi, na kitakachokufuata hakitabisha hodi. Kwa hiyo askari aliye mbele, kazi yake ya kwanza ni kufunga mdomo. Alilisema hilo kila wiki, na kila wiki kwa koti jipya.

Makoti si yake. Tangu alipostaafu anaishi chumba cha nyuma kwa dada yake, yule aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo na anayembeba mpaka leo. Makoti ya wateja yananing'inia ukutani yakiwasubiri wenyewe, na Masafa anachagua tu. Siku moja mwenye duka la dawa alikuja kufuata lake la kijivu, akamwambia dobi, "Mama, jana koti langu limeongea vizuri sana. Mimi sikukubaliana nalo, lakini limeongea." Dobi akacheka mpaka akashikilia meza. Alikuwa anacheka siku zile.

Sasa, dobi ana mtoto mmoja tu, wa kiume, naye ni askari. Walipopelekwa mpakani, yeye na wenzake, waliambiwa simu wazizime. Mama akawa haulizi, anapiga pasi tu, anapiga pasi mpaka shuka inapata makunyanzi ya kuchoka. Halafu jioni moja akatokea kibandani kwangu, povu mpaka kwenye viwiko.

"Kapiga! Fundi, kapiga mwenyewe! Kaazima simu ya mwenzake!"

"Anasemaje?"

"Mzima! Kakonda lakini mzima!"

"Umemwonaje kwenye simu kwamba kakonda?"

"Sauti imekonda!"

Mengine hakuniambia mimi, na alifanya la maana. Alimwambia mdogo wake, jikoni, akimpakulia chakula. Nikasikia bati likinihadithia: kwamba wamelala chini ya matangi ya maji ya kiwanda kilichofungwa, na jioni wakishakula wanapanda juu ya matangi, maana ndiko mtandao unakoshika.

"Lakini hiyo ni yetu mimi na wewe, mdogo wangu. Isitoke humu."

"Dada," Masafa akamjibu, na nadhani kijiko kilikuwa mdomoni, "unamwambia hivyo mtu wa mawasiliano?"

Kesho yake alikuwa kwenye televisheni. Tulikuwa tumejaa pale kwa dobi, mimi na wateja wawili watatu, televisheni juu ya rafu ya sabuni, yeye anapiga pasi shati jeupe la mtu.

"Leo," Masafa akasema, kavaa koti la mwalimu mkuu, "nitawapa mfano hai wa utovu wa nidhamu hewani. Mimi nina mpwa wangu kule mbele. Jana kapiga simu. Simu ya kawaida, jamani! Wamelala chini ya matangi ya maji ya kiwanda cha zamani, na kila jioni wakishakula wanapanda juu kutafuta mtandao. Sasa jiulizeni, adui akilijua hilo itakuwaje?"

"Ni hoja nzito," akasema mhadhiri.

Mtangazaji akashukuru, likaja tangazo la dawa ya meno. Harufu ya kuungua hatukuisikia mpaka pasi ilipokwisha kulitoboa lile shati.

Tangu siku hiyo simu haijaita tena. Dobi anaiweka kifuani, akiinama kufua anaitoa, akiinuka anairudisha. Ile namba aliyopigiwa, ukiipiga, kuna mwanamke anakwambia kwa upole kwamba haipatikani. Juzi habari zikasema mpakani kumeshambuliwa, jeshi likakataa kutaja wapi. Na televisheni ikafanya nini? Ikamwita Masafa aje atueleze.

Ndiyo tumerudi palepale, asubuhi ya leo, pasi na chai.

"Kwanza adui haangalii televisheni yetu," Masafa alikuwa akisema.

"Haangalii? Si wewe uliyesema anasikia mpaka mtu akipiga chafya?"

"Ile ni lugha ya kitaalamu, dada."

"Na hii ya matangi ilikuwa lugha gani?"

"Ilikuwa mfano. Nilikuwa natahadharisha. Wewe huelewi mambo ya hewani, ungeelewa ungenishukuru."

Nikasikia pasi ikiwekwa chini. Nilitegemea sasa atamrukia, na kusema kweli nilishasogeza kiti nipate kuona. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya chini mpaka ikabidi niliegemee bati.

"Sikiliza, mdogo wangu. Ukifika kule leo, sema ulikosea. Sema hakuna matangi, ulitunga. Sema huna mpwa, dada yako hajawahi kuzaa. Sema lolote. Nakuomba."

"Mtaalamu hajikanushi hewani, dada. Nikisema nilitunga, nani ataniita tena?"

"Basi usiende. Kaa hapa, nikuchemshie hiyo chai."

"Nisipokwenda, dakika zangu zote atapewa yule mhadhiri!"

Mimi sindano ilisimama katikati ya soli. Nimewahi kusikia watu wakitetea nyumba, wakitetea ndoa. Huyu anatetea dakika.

Gari la televisheni likapiga honi barabarani. Kupitia mlango wa dobi nilimwona akinyoosha mkono ukutani, anapita la kahawia, anapita la mistari, anachukua la bluu, la bwana mmoja anayeoa mwisho wa wiki. Akavaa. Dobi akamshika mkono wa koti, vidole vyeupe kwa sabuni.

"Wewe unayejua mawimbi yote ya dunia, niambie hili moja tu. Simu ya mwanangu haipatikani kwa sababu wakubwa zake wamewanyang'anya simu, au kwa sababu wale wengine walikusikia wewe?"

Masafa akatazama pale alipomshika. Akavitoa vile vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeogopa koti lisikunjike. Akalipangusa povu. Akatoka.

Alipita mbele ya kibanda changu bila kunisalimia. Nyuma ya ukosi kile kitambaa cha dobi cha kutambulisha mteja kilikuwa bado kimebanwa na pini, kinapepea. Kidogo nimwite nimwambie. Nikarudi kwenye soli yangu. Alikuwa ameshaufikia mlango wa gari, anajikohoza, anaijaribu sauti: "Moja, mbili. Moja, mbili."