Jogoo Aliyekula Jua

Kompyuta za shule yetu ni mitumba, kama suruali zetu. Tangu soko liwe huria, kila kilichowachosha wenzetu wa ng'ambo kinafika Iramba kuanza maisha ya pili. Zilikuja nne, zenye vitambi nyuma kama wajumbe wa kamati, pamoja na paneli moja ya sola na betri mbili. Mwalimu wa baiolojia, aliyebebeshwa pia somo la kompyuta kwa sababu aliwahi kugusa moja, alituonya siku ya kwanza: "Betri hizi mkizimaliza kabisa mara kwa mara, zinakufa. Zikifa, nafunga chumba. Hakuna nyingine."

Nilikuwa kidato cha tatu, na chumba kile ndicho kitu pekee kilichonifanya niwahi shule.

Basi nikatengeneza programu ya walimu kuingizia alama. Kila alama ikiingia, jogoo anakatiza kioo mbio na kuwika. Walimu walicheka mpaka Madam wa hisabati akawa anaingiza sifuri makusudi. Saa sita mchana, betri chali.

"Bwana mdogo," mwalimu akaniambia, "huyo jogoo wako anakula jua lote peke yake."

Nikamchinja. Iliniuma, lakini nikamchinja. Nikaandika upya: kioo cheusi, herufi nyeupe, picha hakuna, usipogusa kitu kwa dakika moja, kioo kinajizima na mashine inalala. Tulipoijaribu na mwalimu, betri zilifika jioni. Nikatembea kama mtu aliyevumbua mvua.

Jumatatu mwalimu akasafiri kwenda semina, na wenzake wakaja kuingiza alama. Walimu wetu hawaingizi kwa mfululizo. Mtu anaingiza moja, anasimulia habari za huyo mtoto, na za baba yake, na za mbuzi wa baba yake, ndipo anakumbuka ya pili. Dakika imepita. Kioo giza.

"Imekufa!" Madam akabonyeza swichi kubwa. Ikazimika kweli, ikaanza upya kwa kukoroma, na kuwaka upya ndiko kunakokula betri.

"Shikamoo Madam. Haijafa, imelala tu."

"Marahaba. Inalala saa nne asubuhi, imekuwa wewe?"

Nikabandika karatasi juu ya kila kioo: HAIJAFA. IMELALA. GUSA KITUFE CHOCHOTE. Sijawahi kuandika jambo la kweli namna ile. Mkuu wa shule akaingia, akasoma, akanitazama. Muhula uliopita nilikuwa nimebandika mlangoni kwake: MKUU AMELALA. USIGUSE.

"Mwandiko ni uleule," akasema, akizibandua.

"Mkuu, safari hii ni kweli."

"Toka. Nisikuone tena humu. Kafyeke majani."

Nikafyeka chini ya dirisha wiki nzima, nikisikia swichi ndani: ta, ta, ta. Jogoo, pamoja na ujinga wake wote, aliwaonyesha walimu kwamba mashine iko hai. Ningeacha hata nukta moja inayopepesa. Nukta moja tu! Hilo lilinijia nikiwa na fyekeo mkononi, na wa kumwambia hakuna.

Mwalimu aliporudi alipima betri, akafunga chumba kwa kufuli. Betri zimetupwa nyuma ya jiko, zimevimba, na pale zinapovujia, nyasi zimeungua, hata fyekeo halina kazi pale. Paneli bado iko juu ya bati. Jua linaipiga tangu asubuhi, na waya wake unaning'inia dirishani, haujashikana na kitu.