Kaka yangu kasikia goli kabla sijaliona

Leo nimetangaza mechi nzima, na mimi mpira sijui kitu!

Yaya Fideli, kaka yangu mkubwa, anaishi Uingereza, karibu na uwanja wa timu yake. Dirishani anasikia watu wakiimba.

Lakini kule iko sheria: mechi za Jumamosi saa tisa mchana TV yao haionyeshi laivu. Eti watu waende uwanjani. Na tikiti zimeisha!

Sisi huku Durban, saluni ninakosuka nywele, tunaangalia tu.

Leo wakifungwa, wanashuka daraja.

Nikamuuliza, "Nielekeze simu kwenye TV ya saluni?"

"Hapana, Furaha. Karatasi zangu za kukaa huku zimetoka juzi, sitaki kesi. Nisimulie."

Sawa. Simu kwenye spika, mikono kwenye nywele za mteja wangu, Mama Neema, macho kwenye TV.

"Mmoja wenu ameanguka, Yaya."

"Namba ngapi?"

"Namba iko mgongoni, na mwenyewe amelala chali!"

Dakika za mwisho, bado bila bila. Ghafla Yaya anapiga kelele: "Uwanja unalipuka! Ni sisi au ni wao?"

"Hakuna goli! Mpira uko katikati!"

Eish. Kumbe TV yetu inachelewa.

Tukangoja. Mama Neema kanishika mkono.

Mpira ukaingia wavuni.

"Ni nyinyi! Yaya, ni nyinyi!"

Mwanaume wa miaka hamsini akalia kwenye simu.

Jumamosi ijayo wanacheza mechi ya mwisho ya msimu, na mimi natangaza tena, mteja awepo asiwepo.

Sasa nisaidieni: ofsaidi ni kitu gani?